Mlango Uliorandwa Kila Masika

Kila masika mlango wa mbele wa Zuleha uligoma kufunga. Na kila masika mumewe, Isihaka, alichukua randa akaupunguza kwa chini.

"Umevimba kwa mvua tu," alisema.

Zuleha alikuwa ameichoka randa hiyo. Nyumba ilikuwa ya babu yake, moja ya nyumba kongwe za Kisarawe. Sakafu yake ya mbao ilikaa juu ya nguzo fupi za mawe, na chini yake kulikuwa na uvungu. Siku hizi chungwa likiwekwa sebuleni lilibingirika lenyewe hadi kona ya mbele. Ukuta nao ulikuwa na ufa. Isihaka aliuziba kwa saruji, ufa ukarudi. Akauziba tena, ukarudi tena!

Kisha akaja Seifu, kaka yake Zuleha. "Gofu hili tulivunje," alisema. "Baada ya Idi naleta watu."

Zuleha alizaliwa humo. Alilia kwa hasira, akajifunga khanga, akaenda kwa jirani yake Efrazia, fundi mwashi anayejenga huko Kibaha.

Efrazia alikuja na tochi, akachungulia uvunguni.

"Shemeji, nani anamwaga maji kwenye kona hii?"

"Maji gani? Mimi natawadha tu," alijibu Isihaka. Jiwe lake la kutawadhia lilikuwa hapo hapo miaka yote.

"Basi ndiyo hayo. Na maji ya bati yanaangukia hapo pia. Udongo umelegea, nguzo inazama. Mlango hauna kosa, shemeji. Nyumba ndiyo inayoinama."

"Kwa hiyo niache kuswali?"

"Nani kakwambia uache kuswali?" Zuleha aliwaka. "Hamisha jiwe, baba Maua!"

Efrazia alicheka. "Tuanze na maji. Tuweke mfereji wa bati, tuchimbe mtaro wa kuyapeleka mbali na nyumba. Udongo ukikauka, tutaegemeza boriti kwa magogo na jeki, tuinue kidogo kidogo. Ukiinua kwa pupa, kuta zinapasuka zaidi. Halafu tutajenga nguzo moja moja, juu ya kitako kipana cha zege. Na mtu asiingie uvunguni kabla hatujaegemeza."

"Na ufa?" aliuliza Isihaka.

"Ufa mwisho kabisa. Tena kwa chokaa, kama walivyojenga wazee. Saruji ni ngumu mno kwa kuta hizi. Na haya matundu ya hewa, nani kayaziba?"

"Nyoka wanaingia," alisema Isihaka kwa sauti ndogo.

"Weka wavu. Uvungu usipopata hewa, mbao zinaoza."

Wakafanya hivyo. Isihaka alihamishia jiwe lake karibu na migomba, na migomba ikanawiri.

Baada ya Idi Seifu alikuja kweli, na watu wake na nyundo. Zuleha alichukua chungwa, akaliweka katikati ya sebule. Chungwa likatulia. Seifu alilitazama, akaliokota, akalimenya, akawaambia watu wake warudi nyumbani.

Zuleha akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunga vizuri. Kisha kuku akapita chini yake, na vifaranga wake wote nyuma, wakaingia sebuleni.

"Isihaka!" Zuleha alipiga kelele. "Hiyo randa iko wapi?"

Isihaka alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta ubao wa kuurefusha mlango.