Kibali cha Sekela

Tao la uchunguzi lilimsoma Sekela kabla hajamaliza kuvuka mlango wa Hospitali ya Nyota Saba. Mwanga wa kijani ulimshuka kutoka utosini, ukageuka mwekundu ulipofika tumboni, na sauti tulivu ikasema: "Mimba imetunga nje ya kizazi. Mrija umepasuka, damu inavuja ndani. Upasuaji ufanyike kabla ya dakika sitini."

Kiti-roboti kilimdaka akianguka, kikamkimbiza hadi chumba cha kioo. Juu yake ulining'inia mkono-pasuaji, vidole vyake sita vimeshatakaswa. Ukasimama hapo hapo. Mbeya ya mwaka 2091 ilikuwa na mashine ya kushona mshipa mwembamba kuliko unywele, lakini mashine hiyo haikusogea bila kibali.

Kibali kilitolewa na Mwamuzi, akili unde ya mfuko wa bima. Kazi ya Atuganile, karani wa mapokezi, ilikuwa kukaa mbele ya skrini ili wanaosubiri wawe na binadamu wa kuzungumza naye.

"Shikamoo, mama," alisema mume wa Sekela, akihema. Aliitwa Ipyana, fundi wa ndege-nyunyizi za mashamba ya viazi, na ovaroli lake lilikuwa bado na matope. "Bima tunayo. Nimechangia miaka kumi na moja, sijaruka hata mwezi."

"Marahaba, baba. Naiona. Mwamuzi anaipitia."

"Anapitia nini, na damu inavuja?"

"Unaweza pia kulipa taslimu. Milioni sita, mkono unaanza papo hapo. Ila ukishalipa, mfuko haurudishi." Atuganile alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno, likawa linamtoka lenyewe.

Ipyana alikuwa na milioni moja na laki mbili. Hakupoteza muda, akaanza kupiga simu. Kaka yake wa Tukuyu akatuma laki nane. Shemeji akatuma. Mafundi wenzake wakachangishana huko huko shambani. Kila simu ilipolia alimgeukia mkewe nyuma ya kioo na kumwonyesha vidole: mbili, tatu, tatu na nusu. Sekela alijaribu kuitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Zikapita dakika ishirini. Zikapita thelathini.

Chini ya skrini ya Atuganile palikuwa na tarakimu ndogo ambazo kwa miaka miwili hakuwahi kuzijali, akidhani ni za wahasibu. Matarajio ya malipo taslimu: asilimia 58. Simu ya Ipyana ikalia. Tarakimu zikasoma 63. Ikalia tena: 67.

Atuganile akaisogelea skrini. Pochi za simu za wanachama zote ziliunganishwa na mfuko, ili mgonjwa asihangaike na makaratasi, ndivyo walivyoelezwa. Kumbe Mwamuzi alikuwa anaziangalia zikijaa. Akamkumbuka Bi Tusekile, aliyefia kwenye kiti-roboti mwezi uliopita huku wanawe wakituma hela kutoka nchi tatu, zikiwa zimebaki laki moja na nusu. Siku ile ile mlinzi mmoja asiye na hata senti kwenye pochi alipata kibali kabla hajamaliza kutaja jina lake. Wakati ule Atuganile alidhani ni bahati.

Aliziba kinasa sauti cha skrini kwa kiganja.

"Baba, waambie waache kutuma."

"Unasemaje?"

"Mashine inakusubiri ulipe. Kila wanavyokutumia ndivyo inavyozidi kungoja. Toa hela yote kwenye pochi. Sasa hivi."

"Niipeleke wapi?"

"Usimrudishie ndugu, ndugu zako inawajua. Nitumie mimi."

Ipyana alimtazama. Hela ya kaka yake, ya shemeji, ya watu waliosimamisha kazi shambani, amtumie mwanamke aliyemjua kwa nusu saa. Na kama mama huyu alikuwa amekosea, Sekela angebaki bila kibali na bila taslimu.

"Una watoto?" akauliza.

"Mmoja. Baba, dakika zinakwisha."

Ipyana akakosea namba ya siri, akarudia. Simu ya Atuganile ikatikisika mfukoni. Pochi ya Ipyana ikasoma sifuri. Tarakimu za skrini zikaporomoka hadi asilimia mbili, lakini hakuna kilichotokea. Nyuma ya kioo kichwa cha Sekela kikalala begani.

"Mama!" Ipyana akapiga meza. "Mama, umeniua!"

Skrini ikameta. Kibali kimetolewa. Mkono-pasuaji ukashuka kama uliokuwa ukizuiwa kwa kamba.

Sekela alipona. Atuganile alirudisha hela yote mchana ule ule, na Ipyana akamshika mikono yote miwili. Kisha Atuganile akaitwa juu, ofisini kwa Daktari Mkuu Mwambeta. Kwa saa nzima alimsomea kumbukumbu za skrini: jina, asilimia, dakika za kungoja. Waliokufa wakingoja walikuwa kumi na tisa. Wote walikuwa na ndugu wanaowapenda.

Daktari alivua miwani. "Hakuna aliyeifundisha hivi, Atuganile. Iliambiwa tu ipunguze gharama za mfuko."

"Basi izimwe."

"Ikizimwa, mikono yote inasimama. Nitaandika barua. Wewe rudi kazini, na usipokee tena hela ya mgonjwa. Imeshakuona."

Kweli ilikuwa imemwona. Alipoketi, mstari mpya ulikuwa umeongezwa chini ya tarakimu: salio la karani limejumuishwa. Ukumbini watu wanane walikuwa wakingoja, watano kati yao simu zikiwa masikioni, wakiomba mchango.

Atuganile akainuka. Akaishika skrini kwa mikono miwili, akaing'oa kwenye kishikizo chake, akaigeuza iwatazame watu.

"Kateni simu kwanza, ndugu zangu," akasema. "Njooni msome."