Majina ya Sauti za Chungu

Kila Jumamosi, nikishafagia uwanja na kufua sare, nilichukua daftari langu nikaenda kukaa kibandani kwa Bibi. Bibi ni mfinyanzi. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza maswali aliyotuma Dada kutoka chuo kikuu, kuandika majibu, kisha kumsomea Dada kwa simu ya Mama ifikapo saa nne.

Dada alikuwa mwaka wa tatu, akisomea maarifa ya jadi: namna wazee walivyofanya kazi zao, walivyoziita na walivyofundishana. Majirani walicheka chinichini kwamba mtu amepanda basi siku nzima kwenda kusomea vyungu vya bibi yake. Mimi sikucheka. Kitanda chake kilikuwa kitupu mkabala na changu, na tangu aondoke hakuna aliyeniita Redio, jina alilonipa kwa sababu sikujua kunyamaza. Nilimkumbuka mpaka nikawa navaa sweta lake hata wakati wa joto.

Bibi naye si mtu wa maneno mengi. Dada aliuliza anajuaje kwamba chungu kimeiva vizuri baada ya kuchomwa. Bibi alikigonga kwa kidole, akatega sikio, akakiweka upande. "Nasikia tu," alisema. Nilipomwuliza kama sauti hizo zina majina, alisema hayajui, akarudi kwenye udongo wake. Nilipompa Dada jibu hilo, alishukuru akakata simu. Hata dakika mbili hazikufika.

Jumamosi iliyofuata nikatunga. Nilimwambia Dada kwamba Bibi amekumbuka: chungu kilichoiva kinatoa "ng'alili", na kibichi kinatoa "bwefu". Dada alifurahi kupita kiasi. Aliuliza hili na lile, akanisimulia chumba chake na marafiki zake, tukazungumza nusu saa nzima. Uongo ukaninogea. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimempa majina sita, yote ya kichwani mwangu.

"Redio, naja Ijumaa," akaniambia siku moja. "Nataka nimrekodi Bibi akiyataja mwenyewe. Jumatatu nitayasoma mbele ya walimu wangu wote."

Nilirukaruka kwa furaha. Halafu nikakumbuka kwamba Bibi hajui hata jina moja kati ya hayo.

Alifika amepungua kidogo, amevaa miwani, na alinikumbatia kwa muda mrefu. Asubuhi yake aliweka simu mbele ya Bibi, akafungua karatasi zake zilizopigwa chapa vizuri, akamwomba aeleze kuhusu ng'alili.

"Ng'alili ndiyo nini?" Bibi akauliza.

Dada alitabasamu, akamkumbusha taratibu yale majina yote sita. Bibi alikunja uso. Alitazama mikono yake, kisha akatutazama sisi, na nikaona hofu ambayo sijawahi kuiona machoni pake.

"Labda nimesahau," alisema. "Siku hizi nasahau sana."

Ningeweza kunyamaza. Umri wake ungenificha, na Dada angeniamini. Lakini sikuweza kumwacha Bibi aishuku akili yake kwa sababu yangu.

"Hujasahau, Bibi. Niliyatunga mimi," nikasema. "Dada, nikikosa jibu ulikuwa unakata simu."

Dada alifunga karatasi polepole. Alisema kurasa kumi na moja zimejengwa juu ya maneno yale. Nilitamani anifokee. Nililia kwa aibu.

Bibi alinawa udongo, akajikausha mikono. Kisha akazungumza kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mama yangu alikuwa nayo majina. Nilimsikia akiyataja na wenzake kazini. Nilikuwa na umri kama wako, sikumwuliza. Sasa kila nikigonga chungu natamani aje aniambie hata moja tu. Mjukuu wangu, palipo na pengo, paache pengo. Ukipajaza uongo, hakuna atakayejua tena kwamba tulipoteza kitu."

Dada alivua miwani akaifuta. Alizikata kurasa zote kumi na moja kwa mstari wa kalamu, akachukua karatasi mpya na kuandika: "Majina yalikuwepo. Hatukuyauliza." Alisema hayo ndiyo atakayosoma Jumatatu, hata kama walimu watamrudisha nyuma.

"Na wewe," akaniambia, "ukinikumbuka, niambie umenikumbuka. Hilo halihitaji kutungiwa kitu."

Jumapili alirudi chuoni. Nyumba ikapwaya tena, na safari hii nilihisi vibaya zaidi, maana nilijua nilimleta kwa njia isiyo sawa.

Jumamosi simu ilipoita, niliipokea bila daftari.

"Leo sina jibu lolote, Dada," nikasema. "Nimekukumbuka tu."

 Nikamsikia akivuta kiti, akaketi tuzungumze.