Rimu za Amana

Gari lilikwaruza mara ya kwanza siku ya Jumatatu, kwenye kona ya kuingilia mtaani kwao Tegeta. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayekuna sufuria kwa ukucha. Edgar alisimamisha gari, akazima redio, akamgeukia mkewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Avelina, akimfuta mtoto wao Rosalia udenda.

"Haiwezekani."

Na kweli haikuwezekana. Edgar alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mtu asiyenunua hata kandambili bila kupima. Gari lile jekundu la Kijapani, la milango miwili, lenye kuvuta kama swala, alilikuta limekalishwa juu ya matofali, akalifufua kidogokidogo kwa miaka minne. Kitu cha mwisho kilichokuwa kimebaki ni rimu. Zile alizolifunga mwanzo zilitokeza nje ya bodi kama masikio ya popo, na trafiki walishamsimamisha mara mbili kwa sababu hiyo. Safari hii alitaka rimu za halali, zisizovuka madigadi, zenye matundu matano ya kulingana na habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa, na tundu la katikati lisilocheza hata unene wa wembe. Vipimo aliviandika kwenye karatasi, akaikunja, akatembea nayo kwenye pochi mwezi mzima kama picha ya mchumba.

Jumamosi iliyopita walikwenda Mikocheni, kwenye duka la rimu la Matar, wakazipata. Zilikaa. Matar mwenyewe alipitisha vidole viwili kati ya tairi na bodi, akazungusha kote, vikapita bila kugusa. "Hii nguo imeshonewa mwenyewe," alisema.

Sasa nguo iliyoshonewa mwenyewe ilikuwa inabana. Na Jumamosi inayokuja ndiyo siku waliyopanga kusafiri nalo hadi kwao Rombo, kwa sababu Jumapili Rosalia anabatizwa. Bibi yake alishaloweka ulezi wa mbege, pombe ya sherehe. Ukoo mzima ulishaambiwa kwamba Edgar anakuja na gari lake.

Jumanne lilikwaruza kona zote za kushoto. Jumatano likaanza na za kulia. Siku hiyohiyo Avelina alisikia harufu ndani ya gari. Ilikuwa hina mbichi, iliyokorogwa sasa hivi, yenye ubaridi wa majani na udongo. Yeye hakuwa mtu wa hina. Alijinusa mikono, akamnusa mtoto, akanyamaza. Kunyamaza ndiko alikozoea. Katika miaka miwili ya ndoa hakumbuki siku aliyomwambia mumewe hapana.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Edgar akalala chali kando ya gurudumu.

"Mama Rozi, niletee poda ya mtoto."

"Ya kufanyia nini?"

"Mafundi ndivyo wanavyofanyaga. Unapaka poda ndani ya madigadi, unazunguka mtaa, ukirudi unaangalia imefutika wapi. Hapo ndipo tairi inapogusa."

Wakapaka magurudumu yote manne, wakazunguka mtaa, gari likikwaruza kila kona, wakarudi. Edgar akapiga magoti na tochi ya simu. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Avelina akainama nyuma yake.

Tairi haikuwa imegusa popote. Poda ilikuwa imefutwa kwa vidole. Vilikuwa viwiliviwili, vyembamba na virefu, alama baada ya alama, vikizunguka upinde wote wa madigadi kama vile Matar alivyopitisha vyake. Gurudumu la pili lilikuwa hivyohivyo. La tatu na la nne pia.

"Watoto wa hapa mtaani," alisema Edgar, akifuta haraka kwa kiganja.

"Watoto gani, Baba Rozi? Gari ilikuwa inatembea."

Edgar akazima tochi, akaingia ndani.

Alhamisi asubuhi walikuwa wanampeleka Rosalia kliniki. Kwenye barabara ya Bagamoyo askari wa trafiki, mwanamke mnene mwenye miwani ya jua, akawanyooshea mkono. Alikuwa amesimama mbali kidogo, kivulini.

"Braza, hizo rimu vipi? Zimetoka nje shibri nzima! Unataka kukata watu miguu? Shuka."

Edgar alishuka akikaribia kucheka, karatasi yake mkononi. "Afande, kwa hili nakuomba upime mwenyewe. Zimo ndani."

Askari akasogea. Kadiri alivyosogea ndivyo mwendo wake ulivyopungua. Alipofika akaweka kiganja kwenye madigadi, akakishusha hadi kwenye tairi. Zilikuwa zimo ndani, kama alivyosema. Akavua miwani. Akarudi kinyumenyume, hatua kama kumi, akatazama tena, na uso ukamshuka.

"Braza," aliita kwa sauti ya chini, "hebu njoo usimame hapa nilipo."

Edgar akaenda, akasimama, akatazama gari lake. Karatasi ilimponyoka mkononi na hakuiokota.

Avelina, akiwa ndani na mtoto, hakujua wanaona nini. Akageuza uso kuelekea nje, na ndipo alipokiona kivuli. Jua la asubuhi lilikuwa limelilaza gari zima kwenye mchanga wa kando ya barabara, paa, vioo, na magurudumu; lakini magurudumu yale ya kivulini yalikuwa mapana, yenye njiti nyingi nyembamba kama chanuo, yametokeza nje ya bodi, na ingawa gari lilikuwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa, yalikuwa yanazunguka, polepole, bila kwenda popote.

Njiti zile alishawahi kuziona. Siku ile dukani, kabla ya kuchagua, Edgar aliona seti moja kwenye kona, imegeuzwa ukutani na kufunikwa kanga. Akaomba azijaribu tu, aone gari linavyopendeza. Matar alikataa, kisha akasitasita, kisha kwa sababu mteja alikuwa mteja akazifunga. Zilikaa kwenye gari kwa muda wa kuchemsha chai. Zilikuwa pana mno, zimetokeza kila upande. "Hizi za kunipeleka jela," alicheka Edgar, zikafunguliwa, zikarudishwa ukutani.

Askari aliinama kwenye dirisha lake. Hakuwa tena na ile sauti ya barabarani.

"Sista, mie sijaona gari hapa. Nendeni. Ila huyo mtoto asipande tena humu."

Njiani Avelina aliuliza mara tatu, "Umeona nini?" Mara tatu Edgar akasema, "Jua tu."

"Basi Jumamosi twende na basi."

"Mie? Nikashuke kwenye basi na mabegi kichwani, baada ya miaka minne ya kuwaambia watu? Utawasikia watakavyonicheka! Nitakaza nati, basi. Tunakwenda."

Ijumaa, Edgar alipokwenda kazini, Avelina alimfunga Rosalia mgongoni akaenda Mikocheni. Dukani alimkuta Badriya, mke wa Matar, mama wa makamo, anapangusa rimu kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marhaba, mwanangu. Karibu."

Alisimama tu, akivuta ncha ya kanga, hata Badriya akamwekea kiti. Alipoanza, alianzia mwisho, kwenye kivuli, akarudi kwenye poda, akamalizia na harufu ya hina. Aliposema hina, kitambaa kilisimama juu ya rimu.

"Matar!" Badriya hakupiga kelele, aliita kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. "Matar, njoo hapa. Uliwavisha watu amana ya watu?"

Matar alitokea mlango wa nyuma, akamwona Avelina, akashika kichwa. "Nilijaribisha tu. Sikuuza. Hata robo saa haikufika."

"Amana haiuzwi, haiazimwi, haijaribishwi! Mtu mzima na ndevu zako hulijui hilo?"

Kisha akavuta kiti karibu na Avelina, akashusha sauti.

"Mwaka wa tatu sasa. Mchana, jua la utosi, niko peke yangu hapa. Akaja mwanamke, kijana kama wewe, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Hana gari, hana mchukuzi, na rimu nne ziko nyuma yake chini. Akaniambia, 'Mama, niwekee. Gari sina bado. Siku nikiliona limezivaa, nitajua ndilo langu.' Nikasema nimepokea. Nikampa maji. Akaipokea bilauri, akanywa, koo nikaliona likimeza, akashukuru. Alipokwisha kuondoka nikaitazama bilauri. Imejaa vilevile."

Avelina alihisi Rosalia amekuwa mzito mgongoni. "Kwa hiyo gari letu..."

"Limezivaa. Kwake yeye ndilo. Sasa anapima tu kama linamfaa, kama mume wako alivyopima. Akimaliza kupima, atapanda."

"Na sie tutakaokuwamo?"

Badriya aliangalia pembeni. "Tajiri wa gari ni yeye. Aliyemo ni abiria wake, na anakokwenda yeye sikujui."

"Hakuna kisomo, mama? Hakuna mtu wa kumtoa?"

"Kisomo ni cha kumtoa aliyeingia pasipo haki, mwanangu. Huyu tumempa haki sisi wenyewe. Huyu hatolewi. Anapewa chake."

Jumamosi Edgar aliamka kabla ya alfajiri, akapakia mabegi kwenye gari, ambalo uani halifungwi milango, akaoga, akavaa. Kisha akaanza kutafuta ufunguo. Alipekua suruali, kabati, chini ya godoro. Mwisho akasimama mlangoni mwa jiko.

"Ufunguo uko wapi, Mama Rozi?"

Avelina alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto kifuani. "Nimeuficha."

"Uko wapi?"

"Sikupi."

Neno lilimtoka dogo, lakini lilitoka. Edgar alifoka, akabembeleza, akafoka tena, akampigia mama yake simu na kukata kabla haijapokelewa. Alipanda kwenye gari, akashuka. Jua lilipanda. Ilipokaribia saa sita, pikapu ya Matar ikasimama getini. Matar na Badriya walishuka, na nyuma kulikuwa na rimu nne zimefunikwa kanga.

"Hawa wamekuja kufanya nini?"

"Kumkabidhi mwenyewe gari lake," alisema Avelina.

"Mwenyewe ni mie! Miaka minne! Kila skrubu ya gari hii naijua kwa jina!"

Alijiweka mbele ya boneti, mikono ameitanua. Matar aliinamisha macho. Avelina ndiye aliyemsogelea, karibu kabisa, akamnong'oneza kama mtu asiyetaka gari lisikie.

"Baba Rozi, niambie ulichokiona Alhamisi. Ukiniambia ni jua, ukanitazama machoni, nakupa ufunguo sasa hivi na mie napanda na mwanao."

Edgar alifungua mdomo. Akamtazama. Mikono iliyotanuliwa ikashuka taratibu, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri, ikitoka vipandevipande, kwamba pale aliposimama na askari aliziona zile rimu pana zikizunguka, na hilo angeweza kulivumilia, lakini aliuona pia usukani, na wakati yeye yuko nje barabarani amesimama kwa miguu yake, kwenye usukani kulikuwa na mtu, mwanamke, mikono myekundu, amegeukia kiti cha pili alipokaa Avelina, amemwinamia Rosalia, anamchekea.

"Na Rosalia?" aliuliza Avelina.

"Alikuwa anacheka naye."

Matar akaleta jeki na spana. Zile rimu ambazo juzijuzi zilitokeza nje, leo ziliingia kwenye habu kama mkono kwenye mfuko. Nati zilikaza zenyewe kabla spana haijazifikia, na Matar akawa anazungusha mikono yake hewani, akisoma chini ya pumzi, jasho likimchuruzika. Walitoa mabegi, nepi, chupa ya maziwa, kila kilichokuwa chao. Avelina akaweka ufunguo kwenye kiti cha dereva, akafungua geti, akampandisha Rosalia mgongoni na kumkaza kwa kanga. "Tutapanda basi la jioni," alimwambia mumewe. "Maji ya ubatizo ni yaleyale." Wote wanne wakarudi barazani, wakasimama mlangoni.

Jua lilifika utosini. Kuku waliokuwa wanaparura uani wakajificha chini ya mapipa, mbwa wa jirani akaanza kulia akanyamaza katikati, na harufu ya hina ikaja, si kutoka garini bali kutoka nyuma yao, ndani ya nyumba, ikapita katikati ya Edgar na Avelina polepole kama mtu anayeomba njia, ikashuka ngazi za baraza. Mlango wa gari ukafunguka na kufungwa bila kishindo, kiti cha dereva kikasogea mbele kwa ajili ya mtu mfupi, kioo cha juu kikageuzwa, kikarekebishwa, kikaelekezwa chini, kwenye kiti cha nyuma, na injini ile aliyoifufua Edgar kwa mikono yake ikawaka mara moja, laini, kama haijawahi kumsumbua mtu.

Gari lilitoka getini bila haraka. Hapo likasimama kumpisha mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita. Yule mwendesha bodaboda akamwinulia dereva mkono kushukuru, kama wafanyavyo watu wastaarabu. Kisha akatupa jicho dirisha la nyuma, akatabasamu, akavimbisha mashavu na kutoa ulimi, kama mtu anavyomtania mtoto.

Avelina alipeleka mkono mgongoni kwa haraka, akautafuta mguu wa Rosalia chini ya kanga. Ulikuwepo, wa moto. Akaushika, na hakuuachia hata gari lilipokuwa limekwisha kukata kona.