Kadi ya Swalihu

Mie si mmbea, ila nyumba yangu na ya jirani yangu Waridi zilitenganishwa na ua wa mabua tu, na masikio hayana komeo. Kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua kubwa, tisini na nane, hapa Kondoa. Kila saa tisa alasiri nilikuwa nakaa sebuleni kwa Waridi, tunachambua mchicha na kusikiliza kipindi cha salamu. Unajaza kadi, unaitia posta, mtangazaji anasoma: fulani, akiwa pamoja na fulani, anamsalimia mama yake, na ujumbe wake ni huu. Ndivyo watu tulivyojuliana hali. Swalihu, mtoto pekee wa Waridi, alikwenda Makutupora kwenye kibarua cha zabibu, na kila mwezi kadi yake ilisomwa.

Januari, lori la vibarua likasombwa na maji korongoni. Walikuwemo wanne. Octavian, Lea na Elieza waliopolewa, wakazikwa. Swalihu hakuonekana.

Waridi akakataa hitma. "Sijaona maiti, Rukaya. Nimsomee nani?" Miezi miwili hali, halali, kabaki mifupa na kanga. Jumanne moja ndugu zake wakamshinda, akakubali. Hitma Ijumaa.

Jumatano, saa tisa, mtangazaji kwa bashasha yake ileile:

"Swalihu Bushiri, akiwa pamoja na Octavian, Lea na Elieza, anamsalimia mama yake mpenzi, Bi Waridi wa Kondoa. Ujumbe: Mama, hitma ya Ijumaa usisome. Nina baridi. Ukiniita nitakuja."

Mchicha ukanidondoka. Posta huchelewa, sawa, kadi ya marehemu yaweza kusomwa hata baada ya miezi. Lakini hitma ilipangwa jana yake.

"Umesikia?" Waridi akaninong'oneza, anacheka, machozi yanamtiririka. "Mwanangu huyo!"

"Shoga, wale aliokuwa nao wamo kaburini."

"Niandikie kadi, Rukaya. Nimekushika miguu. Akija hai, akija mfu, mie na aje tu."

Na kweli alinishika miguu. Waridi hakujua kuandika, mie nina darasa langu la nne. Nikaandika: Rudi nyumbani, mlango uko wazi. Hapo ningekomea. Lakini mie na uroho wangu wa kusikika redioni! Penye jina la mtumaji nikaweka mawili: Waridi na Rukaya.

Ijumaa hitma haikusomwa. Wiki ya tatu kadi yetu ikasomwa. Nje jua la kupasua kichwa. Niliposikia jina langu nikajichekea, mjinga mie.

Mtangazaji akanyamaza.

Redioni yakaja maji. Maji mengi, yanavuma.

Kisha sauti ya Swalihu. Haikutoka redioni.

"Hodi, mama."

Nikamkamata Waridi mkono. "Usiitikie," nikamnong'oneza. "Kwa jina la Mungu, usiitikie."

Alinitazama kama ninayemnyang'anya mtoto titi.

"Karibu, mwanangu. Karibu baba."

Pazia la mlangoni halikufika chini. Chini yake nikaona miguu. Myeupe, imevimba, inachuruzika. Nikahesabu. Minane.

Nilitokea uani. Ule ua wa mabua niliuvunja kwa kifua.

Niliporudi na majirani, Waridi hayupo. Redio inaongea. Ungo wa mchicha upo pale, nusu umechambuliwa, nusu bado. Sakafu kavu kabisa. Mpaka leo hajaonekana.

Ndugu zake wakaniuliza, tumsomee hitma? Nikasema subirini. Kesho yake, kwenye redio yangu nyumbani, mtangazaji akasoma:

"Swalihu Bushiri, akiwa pamoja na Octavian, Lea, Elieza na mama yake mzazi, anamsalimia Bi Rukaya wa Kondoa. Ujumbe: Uliandika mlango uko wazi. Tumekuta umefunga."

Redio niliigawa siku hiyohiyo. Mlango nimeupiga makomeo matatu, natokea dirishani kama mwizi, wajukuu wananicheka. Waacheni wacheke.

Maana sasa ni Agosti, Kondoa nzima vumbi tupu, hata punda wanalamba ndoo. Na kila ikipita saa tisa nakuta kizingiti changu kina mchanga mbichi wa korongoni, na nyayo jozi tano, vidole vimeelekea ndani.

Jana kando ya nyayo palikuwa na fungu la mchicha. Umechambuliwa vizuri, vikonyo vyote vimelazwa upande mmoja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akichambua Waridi.