Pelagia Aenda Zimamoto

Miaka ya foleni ilikuwa imepita. Watu wa Musoma hawakuamka tena alfajiri kupanga mstari kwa ajili ya kipande cha sabuni. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua genge mbele ya mlango wako. Na watu walifungua kweli! Kulikuwa na mtaa mmoja Iringo ambako zamani lori lilipita bila kupiga honi. Sasa vibanda vilijaa pande zote mbili, na mwenye baiskeli alishuka akaisukuma.

Kibanda cha Pelagia kilikuwa kizuri kuliko vyote. Mume wake, Wegesa, alikijenga kwa mbao na bati. Alikijenga juu ya sakafu ya saruji aliyoikuta palepale ukingoni mwa barabara. Katikati ya sakafu kulikuwa na mfuniko wa chuma. Hakuna aliyejua uliwekwa na nani, wala hakuna aliyeuliza.

"Wenzangu wanahangaika kutafuta saruji," Wegesa alipenda kusema. "Mimi nimeikuta imemwagwa tayari!"

Hapo ndipo Pelagia alipokaangia samaki, sato na sangara. Jioni alifagia magamba na majivu, akayasukumia kwenye nafasi ya kando ya mfuniko. Yalitumbukia huko chini, naye akaenda zake nyumbani.

Ng'ambo ya barabara aliishi Dafroza, mjane, mshonaji wa nguo. Cherehani yake ilikuwa ndiyo shamba lake na ndiyo ng'ombe wake. Kwa cherehani hiyo alilisha watoto na kuwasomesha. Kaka yake, Magesa, alikuwa mvuvi wa Mugango mwenye mashine ya kusukuma mtumbwi. Kila akija mjini kununua petroli, aliacha dumu kwa dada yake. Dafroza aliliweka chini ya kitanda. Ndivyo watu walivyozoea tangu miaka ya shida. Siku zile petroli ilikuwa adimu, na aliyeipata aliificha. Petroli ikaanza kupatikana, lakini watu wakaendelea kulala juu yake.

Alasiri moja Dafroza alitaka kuwasha jiko la mafuta ya taa, apashe pasi yake. Jiko lilikuwa karibu na kitanda. Dumu lilikuwa linavuja kidogo kidogo, naye hakujua. Alipowasha kiberiti tu, moto ukaruka, puu!

"Moto! Jamani, moto!"

Majirani walikuja mbio na ndoo za maji. Pelagia alikuwa wa kwanza. Alimwaga ndoo yake kwa nguvu zote chini ya kitanda. Loo! Badala ya kuzimika, moto ulitambaa sakafuni, ukafika kwenye pazia, ukafika kwenye vitambaa vya wateja. Dafroza alijaribu kuitoa cherehani kwa mikono yake. Watu walimvuta nje akipiga kelele, mikono yote miwili imeungua.

Pelagia hakungoja. Alikimbia mpaka kituo cha zimamoto, miguu peku, akawaambia. Gari lilitoka mara moja. Lakini lilipofika mtaani lilikwama kati ya vibanda. Ikabidi watu wasukume genge la nyanya kando ndipo lipite. Askari wakaanza kumwaga maji. Moto ukaanza kushuka, watu wakaanza kushangilia.

Halafu maji yakaisha.

Askari mmoja alishuka na chuma kirefu mkononi. Alikimbia huku na huku akitazama chini, kama mtu aliyepoteza kitu. Kisha akarudi kwenye gari, na gari likaondoka kwenda kuchota maji ziwani. Liliporudi, paa la Dafroza lilikuwa limelala chini.

"Gari tupu!" Wegesa alipaza sauti kuliko wote. "Watu wa faya wanakuja na gari tupu!" Akaokota jiwe akarusha. Wengine nao wakarusha. Gari likaondoka kioo kimevunjika.

Usiku ule Dafroza na watoto wake walilala kwa Pelagia. Dafroza hakulalamika. Alitazama tu mikono yake iliyofungwa bendeji. Asubuhi alimuuliza Pelagia swali moja.

"Mama Hana, sasa nitashona na nini?"

Swali hilo lilimchoma Pelagia moyoni. Alijifunga kitenge kiunoni, akafunga kibanda, akashika njia. Leo watu wa zimamoto wangemtambua!

Jana aliishia langoni; alikuwa hajawahi kuingia ndani ya kituo kile. Alidhani angewakuta askari wamelala au wanacheza bao. Aliwakuta wameanika mipira ya maji juani, wanashona palipotoboka kwa sindano kubwa. Mmoja alikuwa anaokota vipande vya kioo ndani ya gari. Mwingine alikuwa na kitambaa kichwani, damu imekauka.

"Nani mkubwa hapa?" Pelagia aliuliza kwa ukali.

"Ni mimi, Sajini Mihayo," alijibu yule mwenye kitambaa. "Karibu, mama. Kaa."

"Sikai! Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza, nyinyi mnalipwaga mshahara wa nini? Mjane wa watu ameunguliwa, amebaki na nguo ya mwilini. Nyinyi mnakuja na maji ya kunawia mikono! Hamna haya?"

Askari waliacha kushona. Sajini Mihayo hakukasirika, au kama alikasirika, aliimeza hasira yake. Alimwongoza Pelagia mpaka nyuma ya gari, akagonga tangi kwa kiganja.

"Mama, gari hili lilikuwa limejaa. Lakini maji ya kwenye gari ni ya kuanza kuuzima moto, si ya kumalizia. Ukifungua mpira kwa nguvu, chai haijachemka, maji yamekwisha."

"Sasa ya kumalizia mnatoa wapi?"

"Chini ya barabara. Waliopanga mji waliweka mabomba makubwa kwa ajili ya moto. Unaona chuma hiki?" Aliinua kile chuma kirefu. "Hiki ni ufunguo wake. Tunafunua mfuniko, tunaunga mpira, tunafungua. Maji hayaishi mpaka moto ufe. Mtaa wenu unalo bomba lake."

"Mbona jana hamkulifungua?"

"Jana nililitafuta. Lipo ukingoni mwa barabara, kwenye sakafu ya saruji, mkabala na nyumba iliyoungua. Nimefika pale nimekuta kibanda. Kibanda cha samaki."

Pelagia alivuta benchi lililokuwa karibu, akakaa. Alimwona Dafroza akivutwa nje, akaona mfuniko wa chuma, akaona ufagio wake mwenyewe. Kisha hasira yake ikasimama upya.

"Na nyinyi mlikuwa mnajua kuwa kibanda kipo juu ya bomba?"

"Tulijua. Tulimwambia balozi wenu wa nyumba kumi, Bwana Thadeo. Tulimwambia zaidi ya mara moja."

"Na mlipoona hakuna kilichofanyika?"

Sajini Mihayo alijikuna shingo. "Tulinyamaza, mama."

"Mlinyamaza! Hamkuja hata kutuambia wenyewe? Mnaona watu wamekaa juu ya maji yao, mnanyamaza? Basi na nyinyi mna lenu, Sajini!"

"Ni kweli," alisema Mihayo. "Tuna letu. Na nyinyi mna lenu. Nani alimwaga maji kwenye petroli jana?"

"Mimi. Moto si unazimwa kwa maji?"

"Si moto wote. Petroli na mafuta ya taa huelea juu ya maji. Ukimwaga maji, unaubeba moto na kuupeleka kwingine. Moto wa mafuta unaufunika. Tupia mchanga, au funika kwa blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa. Ukiona umekushinda, toka, funga mlango, usirudie kitu ndani. Na petroli hailali na watu. Hata mvuke wake unashika moto. Inakaa nje, mbali na jiko, kwenye chombo kisichovuja."

Pelagia alisikiliza yote. Aliporudi nyumbani alimkuta Wegesa kibandani, anawasimulia wapita njia jinsi alivyolipiga gari la zimamoto.

"Baba Hana, ingia ndani," alisema.

Ndani, Dafroza alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto wake anamlisha uji. Pelagia alisema kila kitu mbele yake. Hakuficha neno. Wegesa alikunja uso.

"Unataka nivunje kibanda? Hiki ndicho kinatulisha! Kwani mimi niliandikiwa pale kuwa kuna bomba? Balozi mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Nilimpelekea sato wawili wakubwa, akaniambia jenga tu. Waende kumuuliza yeye!"

"Na jiwe ulilorusha, naye ndiye aliyekupa?"

"Pelagia, usinitukane mbele za watu."

"Sikutukani. Umempasua kichwa mtu aliyekuwa anatafuta maji, na maji umeyakalia wewe! Mimi nami nimeyajaza magamba. Mimi nasema aibu, wewe unasema kibanda?"

Wegesa alimgeukia Dafroza, labda amtetee. Dafroza alisukuma kikombe cha uji pembeni.

"Shemeji," alisema polepole, "mimi nina watoto wanne na sina mikono. Nakula kwako, siwezi kukusema. Lakini usiniombe nikuunge mkono."

Wegesa alitoka nje. Alikitazama kibanda chake, akatazama magofu ya ng'ambo. Kisha alimwita mdogo wake wakaanza kung'oa misumari ya bati.

Thadeo, yule balozi, aliposikia nyundo alikuja haraka. Yeye naye alikuwa na duka lake la kioski, limetokeza mpaka katikati ya barabara.

"Wegesa, nani amekuruhusu kubomoa? Mambo haya yana utaratibu. Tungoje kikao."

"Kikao gani?" Pelagia alimjia juu. "Siku ulipokula sato ulikaa kikao na nani? Watu wa zimamoto wamekuambia, umekaa kimya kwa sababu kioski chako nacho kiko barabarani! Leo tutakaa kikao hapahapa!"

Watu walikwisha kujaa. Mwenye genge la nyanya alisikia, fundi baiskeli alisikia. Minong'ono ikageuka kelele. Thadeo alijaribu kucheka, hakuna aliyecheka naye.

Wanaume walikishika kibanda pande zote, wakakibeba na kukitua ndani ya uwanja wa Wegesa. Chini yake mfuniko ulionekana. Walipoufunua, harufu ilipanda. Shimo lilikuwa limejaa magamba, majivu na maganda ya ndizi. Pelagia aliingia mwenyewe, akachota uchafu wake kwa mikono. Hakukubali kusaidiwa.

Kesho yake Sajini Mihayo alikuja na ufunguo na mpira. Wegesa alimsogelea, hajui aweke wapi macho.

"Afande, jiwe lile ni mimi."

"Najua. Nilikuona," alisema Mihayo. "Shika mpira huku, usiuachie."

Aliingiza ufunguo akazungusha. Bomba lilikohoa. Likatoa kutu nyekundu. Kisha maji yakatoka kwa kishindo, yakapanda juu kuliko mapaa. Watoto walishangilia na kuruka chini ya maji yale. Wakubwa nao walianza kucheka.

Dafroza alikuwa amesimama mbele ya magofu ya nyumba yake, mikono ameiinua kifuani. Yeye hakucheka. Machozi yalimtoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika hasa.

"Yalikuwa hapa!" alisema. "Jamani, yalikuwa hapahapa!"

Wakubwa wakawaita watoto watoke kwenye maji.

Tangu siku hiyo mtaa ule ulibadilika. Vibanda vilirudishwa nyuma, lori likapita tena. Mfuniko ulipakwa rangi ya njano. Kila nyumba iliweka debe la mchanga karibu na jiko. Magesa hakuacha tena petroli kwa dada yake; aliijengea kibanda kidogo cha bati mbali na nyumba ya mtu yeyote. Askari wa zimamoto walianza kupita mitaani, wanaongea na watu wenyewe bila kumtuma balozi. Wenye mtaa walichangishana wakamjengea Dafroza chumba kimoja, wakamnunulia cherehani iliyotumika. Mikono yake ilipona, ingawa vidole viwili havikukunjuka tena vizuri. Alijifunza kushona hivyo hivyo.

Thadeo alikuwa wa mwisho kusogeza kioski chake. Alikirudisha mpaka kikagusana na nyumba yake, akaona amemaliza. Mwaka uliofuata, adhuhuri, nyaya za umeme za kioski hicho zilishika moto. Moto ukaingia darini kwake. Safari hii mtu mmoja alikimbia kuzima swichi kubwa, mwingine akawatoa watoto, mwingine akakimbilia zimamoto. Gari liliingia moja kwa moja. Mihayo hakutafuta kitu. Alifunua mfuniko, akaunga mpira, na Wegesa akamsaidia kuushika. Kioski kiliteketea, lakini nyumba ya Thadeo ilisimama na vyote vilivyokuwemo.

Jioni Thadeo alikwenda kwa Dafroza. Alimkuta anashona sketi ya shule. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kukushukuru. Bila yaliyokupata wewe, leo ningelala nje."

Dafroza aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Bwana Thadeo, mimi sikuunguliwa ili wewe upone," alisema. "Uliambiwa, ukanyamaza. Usinishukuru. Ukiambiwa tena, sema."

Thadeo aliitikia kwa kichwa. Kisha akatoka, akaenda nyumba kwa nyumba, akaanza kusema kile alichoambiwa na zimamoto siku zile akakinyamazia.