Lita Nne za Minza

Jumamosi asubuhi soko la Bariadi lilifurika watu, unakanyagwa na hakuna wa kukuomba samahani. Minza, ndani ya gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe pee, alikuwa ameinamia sufuria moja pana, analigongagonga kwa kidole. Shigela, fundi aliyeliunda, ovaroli lake limetobolewa na cheche kila mahali, alimtazama mpaka akasahau wateja wengine.

"Mwangaluka, dada. Unapikia msiba?"

"Msiba wako! Nachemshia bia ya mtama. Oda yangu ya kwanza, sendofu ya rafiki yangu Gloria, lita arobaini kamili. Zikipungua, nani ataniamini tena hapa mjini?"

"Na ikichemka saa nzima, mvuke unaondoka na lita ngapi?"

Minza akashusha pumzi. "Hapo ndipo sijui. Nimezoea sufuria jembamba. Hili pana litakausha zaidi."

"Niachie mpaka kesho. Nitachemsha maji matupu nyumbani, saa nzima, nipime kwa kijiti kabla na baada."

Namba za simu zikabadilishwa hapo hapo. Kesho yake jioni simu ikaita.

"Lita nne, mrembo! Anza na arobaini na nne."

"Usinibabaishe, fundi."

"Nikikubabaisha, usipokee simu yangu tena."

Jamani, ikawa balaa! Wiki nzima mtama unaoteshwa kimea, na wiki nzima simu hazipoi. Asubuhi "umeamkaje, mpenzi", mchana "umekula?", na Minza anacheka peke yake hadi majirani wanamtazama.

Siku ya kupika akaanza na lita arobaini na nne, akachemsha saa nzima, akachovya kijiti. Thelathini na sita! Akapima tena, ni zile zile. Kimea chote kilikuwa kimeishia humo, na cha kuanzia upya hakikuwepo. Akapiga simu.

"Shigela, ulipima kweli wewe?"

"Nilipima, mpenzi wangu, kwa..."

"Ulikisia! Ulitaka namba yangu tu, ukanitungia lita nne! Usinipigie tena!"

Simu ikakatwa. Shigela alipiga mara sita, haikupokelewa. Akabaki amesimama uani kwao, moyo unamwuma kwelikweli, mbele ya mama yake, Nyanjige, aliyekuwa anapepeta mpunga.

"Mayu, siku ile nilipochemsha maji hapa, kuna mtu aliligusa sufuria?"

"Mimi. Wewe uko kule unachomelea, maji yanakauka! Sufuria gani linaachwa likauke kwenye nyumba yangu? Nikaongeza jagi. Yakipungua, naongeza. Majagi manne ya lita moja moja."

"Mayu! Kumbe zilikuwa lita nane! Umenikosesha mchumba!"

"Una mchumba na mimi sijui?" Ungo ukawekwa chini. "Twende."

Bodaboda iliwashusha wote wawili mlangoni kwa Minza. Macho yake yalikuwa mekundu, kitenge cha njano kimejaa majivu. Mama Nyanjige hakusubiri kukaribishwa.

"Mwanangu, usimlaumu huyu. Maji niliongeza mimi."

Minza akamtazama mama, akamtazama fundi, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Ghafla akachukua kijiko, akaonja bia.

"Tamu mno," akasema polepole, kisha akapiga kelele. "Tamu mno! Kilichoondoka ni maji tu, kimea kimebaki chote humu! Shigela, bandika maji lita nne yachemke, haraka!"

Yalipochemka, Minza akampa mama jagi. Moja, mbili, tatu, nne. Kijiti kikachovywa: arobaini kamili. Wakarukaruka wote watatu, na Shigela akajikuta amemshika Minza mikono miwili.

"Minza, nakupenda. Nataka nikuoe, mbele ya mama yangu nasema."

"Nisingekupenda ningelia hivi?" Minza akamjibu. "Nimekubali. Na bia ya harusi yetu nachemsha mwenyewe."

Kisha akamgeukia mama mkwe, akamnyang'anya jagi taratibu.

"Ila mayu, siku hiyo utakaa ukumbini."