Chupa za Emelyne

Haya yalimpata dada Emelyne, binti wa mama yangu mkubwa, hapa hapa Kabungu. Aliyeyaanzisha ni mimi.

Alikuja likizo Jumamosi, tukamenya mihogo huku tukicheka. Kwenye begi alikuwa na chupa sita za vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana. Chuoni hakukuwa na mtu wa kuwalisha. Akanionyesha waliozaliwa bila mabawa.

"Hawa tumewazidishia jeni moja wakiwa bado mabuu," alisema. "Ikizidi, seli za bawa zinajiua zenyewe."

"Nani anaziamuru?"

"Hiyo hiyo jeni, mdogo wangu."

Mimi niliishia kidato cha pili, mama alipoanza kuugua. Nilisikia jini. Sikuuliza tena, nisionekane mjinga. Kesho yake bombani nikamnong'oneza jirani yetu, Mama Fredrick, kwamba Emelyne anazidisha jini kwenye chupa, linaua viungo vya watoto wa nzi kabla hawajakamilika.

Mama Fredrick hakucheka. Mwezi uliopita alikuwa amemzika mtoto aliyezaliwa hajatimia.

Mchana watu wakajaa uani, balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Malale, akiwa mbele.

"Ni jeni, wazee wangu," Emelyne akasema. "E, siyo i. Kila mtu anazo, hata nyie."

"Mmesikia? Katutia na sisi," mtu akanong'ona.

Emelyne akanigeukia. "Mdogo wangu Hana, waambie nilikwambia nini."

Nilikuwa nimeshaelewa. Ni herufi moja tu. Lakini wote walikuwa wananitazama, na nikisema nimekosea wangejua shule niliiacha wapi.

"Ulisema jini," nikasema.

Alinitazama tu, kama mtu anayesoma jina langu upya.

Wakavunja chupa. Nzi wasio na mabawa wakatambaa kwenye vumbi, na kuku wa Mama Fredrick akawadonoa mpaka wa mwisho. Emelyne akaambiwa aondoke kabla jua halijazama. Alipanda bodaboda kwenda Mpanda bila kuniaga.

Baada ya wiki sita, kuku yule akaangua. Mama Fredrick akaniita, akafunua tenga.

Vifaranga tisa. Hakuna bawa hata moja.

Nikampapasa mmoja ubavuni. Laini. Bila kovu. Bila kidonda.

Nikampigia Emelyne simu, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti ya chini. "Jeni haihami kwa kuliwa." Kisha akauliza, "Na hao, Hana, umewaambia watu ni nini?"

Nikakata simu.

Vifaranga wanakula. Wanakua. Jioni wanamkimbilia mama yao. Anainua bawa, anawatazama, analishusha.